Mshale wa Pili

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Ifakara na Bonde la Kilombero. Wasemaji ni Mwalimu na wanafunzi wawili, Mzee na Mama.

MWALIMU: Kaeni vizuri. Daftari na kalamu ziwe karibu.

Masomo mengi tunayosoma ni ya mambo yaliyo nje ya mtu: mbegu, maji ya kunywa, kuandika barua, hesabu ya mkopo. Leo tunaingia ndani ya mtu. Tutauliza hivi: Mtu akipatwa na shida, moyoni mwake hutokea nini? Na je, mtu mzima mwenye mvi anaweza kubadili tabia yake? Nimekaa hapa na wanafunzi wawili wakulima wa mpunga, mzee mmoja na mama mmoja. Wao wataniuliza kwa niaba yenu.

MISHALE MIWILI

MWALIMU: Tumfikirie mkulima mmoja. Si fulani wala fulani, ni mfano tu. Analima eka tatu za mpunga bondeni. Mwezi wa Desemba alikopa fedha za trekta na mbegu. Akapanda, akapalilia, akangoja. Masika yakazidi kipimo. Mto ukafurika, maji yakakaa shambani, na nusu ya mpunga ikaoza. Ninyi mnalijua jambo hili kuliko mimi. Mwaka 2024 mvua za masika zilileta mafuriko makubwa katika mabonde ya Kilombero na Rufiji, na mashamba mengi yakazama.

Basi mkulima wetu ameumia. Maumivu hayo tuyaite mshale wa kwanza. Hakujichoma mwenyewe. Hakuna elimu iwezayo kumfanya asiusikie.

Lakini tazameni yanayofuata. Anarudi nyumbani, anakaa chini ya mwembe, na moyo wake unaanza kusema. "Mimi ni mtu wa mkosi. Jirani yangu shamba lake limepona, bila shaka ananicheka. Mke wangu ananidharau. Watoto hawatasoma. Nimekwisha." Usiku halali. Asubuhi mtoto anamwaga maji ya kunawa, naye anampiga. Jioni anakwenda kilabuni, anakunywa mpaka asahau.

Je, mafuriko ndiyo yaliyompiga mtoto? Hapana. Mafuriko yamechukua mpunga tu. Mengine yote ameyaongeza mkulima mwenyewe. Huo ndio mshale wa pili. Nao humchoma mtu mahali pale pale palipochomwa na ule wa kwanza.

Sasa shikeni kalamu, tufanye hesabu. Tuseme anatumia shilingi 3,000 za pombe kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi ngapi?

MAMA: Elfu tisini, Mwalimu.

MWALIMU: Vema, Mama. Na kwa miezi minne?

MAMA: Laki tatu na elfu sitini.

MWALIMU: Andikeni 360,000. Fedha hiyo haikuchukuliwa na mto. Kwa hiyo mshale wa pili si maneno ya hewani. Una bei yake, nayo hulipwa na nyumba nzima.

NI NANI ALIYEFUNDISHA HAYA

MWALIMU: Mfano huu wa mishale miwili ni wa kale sana. Umetoka katika mafundisho ya Buddha. Jina lake mwenyewe lilikuwa Siddhartha Gautama. Aliishi yapata miaka 2,500 iliyopita. Alizaliwa Lumbini, katika nchi iitwayo Nepal siku hizi, akafundisha katika nchi ya India ya kaskazini. Wafuasi wake husimulia kwamba alizaliwa katika nyumba ya watawala, akaacha raha zake akiwa na umri wa miaka 29, akaenda kutafuta kwa nini wanadamu huumia na jinsi wawezavyo kupona. Neno "Buddha" maana yake ni mtu aliyeamka, kama vile mtu aamkavyo usingizini.

Msidhani mambo haya ni ya mbali mno. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, liko hekalu la Wabuddha. Lilianzishwa na watu wa kisiwa cha Selon, ambacho sasa ni nchi ya Sri Lanka, waliokuja huku kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo pana mti wao wa heshima, wa jamii ya mkuyu. Na katika Uganda yuko mtawa Mwafrika, Bhante Buddharakkhita. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma, akakutana na watawa wa Kibuddha. Mwaka 2002 akawa mtawa, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibuddha katika nchi yake.

MZEE: Mwalimu, samahani. Mimi ni Mwislamu, na mama huyu ni Mkristo. Je, somo hili linataka tubadili dini?

MWALIMU: Umeuliza vizuri, Mzee wangu. Hapana. Buddha mwenyewe alitoa mfano mmoja, nao utaeleweka upesi kwa watu wa Mto Kilombero. Alisema mafundisho yake ni kama chombo cha kuvukia maji. Fikirini zamani, kabla ya daraja kubwa kufunguliwa mwaka 2018. Mtu alivuka kwa pantoni au kwa mtumbwi. Akifika ng'ambo, je, aliubeba mtumbwi kichwani mpaka Lupiro? La. Aliuacha ukingoni, akaenda zake. Basi nasi leo tunauazima mtumbwi ili tuvuke mahali pagumu. Sala zenu zibaki kama zilivyo.

KIU YA MOYO

MWALIMU: Mbinu ya Buddha ilikuwa kama ya tabibu. Aliuliza maswali manne. La kwanza, ugonjwa ni nini? La pili, chanzo chake ni nini? La tatu, je, kupona kunawezekana? La nne, dawa yake ni nini?

Watu wa Ifakara mnaijua njia hiyo. Katika miaka ya 1950 Waswisi walianzisha hapa kituo cha utafiti, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Wataalamu wake wamemchunguza mbu wa malaria kwa miaka mingi. Kumlaani mbu hakusaidii kitu. Wao walimtazama. Huuma saa ngapi? Huzaliana wapi? Hupumzika wapi? Adui ukiisha kujua mwendo wake, unajua pa kumkinga. Ndivyo Buddha alivyotaka tuitazame hasira, tamaa na huzuni.

Sasa chanzo. Katika lugha ya Kipali, ambayo mafundisho hayo yaliandikwa, chanzo huitwa tanha, maana yake ni kiu. Moyo una kiu ya namna mbili hasa. Ukipata kitu kitamu, husema, "Niongezewe, kisiondoke." Ukipata kitu kichungu, husema, "Kiondoke sasa hivi." Mafuriko yamekuja, na moyo wa mkulima unasema, "Uchungu huu uondoke sasa hivi." Haungoji. Basi anakimbilia chupa, au anatafuta mtu wa kumpiga. Pombe humwondolea uchungu kwa saa tatu, kisha humrudishia na riba.

Mwendo wake ni huu, uandikeni: jambo huja, uchungu huja, kiu huja, tendo huja. Mambo manne. Yanafuatana upesi hata tunadhani ni jambo moja. Husikii watu wakisema, "Alinitukana, nikampiga"? Kama kwamba katikati hapakuwa na kitu. Lakini katikati pana nafasi, ndogo kama upenyo wa mlango. Somo letu lote la leo ni kujifunza kusimama katika upenyo huo.

(Hapa msimamizi wa darasa anyamazishe redio kwa dakika tano. Kila mwanafunzi afikirie jambo moja lililomkasirisha wiki hii, kisha aseme: mshale wa kwanza ulikuwa upi, na wa pili upi?)

HASIRA SI WEWE

MWALIMU: Tuendelee. Watu wengi husema, "Mimi ni mkali, ndivyo nilivyozaliwa. Mti mkavu haukunjiki." Mzee, umepata kusikia maneno hayo?

MZEE: Mimi mwenyewe huyasema, Mwalimu.

MWALIMU: Basi hebu tuisikilize lugha yetu ya Kiswahili. Mtu akikasirika husema, "Nimeshikwa na hasira." Husema, "Hasira zimenipanda." Usingizi humshika mtu, njaa humshika, hofu humwingia. Angalieni: lugha yetu inasema kwamba hasira ni kitu kinachokuja, kinashika, kinapanda. Na kinachopanda hushuka. Kinachoshika huachia. Hakuna mtu aliyekasirika tangu kuzaliwa hata leo bila kupumzika.

Buddha alifundisha jambo hilo hilo. Alisema vitu vyote hubadilika, na moyo wa mtu pia. Kile unachokiita "mimi mkali" si jiwe. Ni njia iliyokanyagwa mara nyingi. Mnajua njia ya miguu porini: ikikanyagwa kila siku huwa nyeupe, ikiachwa msimu mmoja majani huifunika. Tabia ni hivyo. Mtu mzima anaweza kubadilika, kwa sababu anaweza kuacha kukanyaga njia moja na kuanza kukanyaga nyingine. Lakini njia mpya haipatikani kwa kupita mara moja.

MWAMIAJI JUU YA DUNGU

MAMA: Mwalimu, umesema tuutazame moyo. Moyo hauonekani. Tutautazamaje?

MWALIMU: Mama, wewe umepata kuamia ndege?

MAMA: Tangu utoto wangu.

MWALIMU: Basi unaijua kazi hii kuliko mimi. Mwamiaji hukaa juu ya dungu, shamba lote analiona. Kwelea wakija, anawaona. Akilala, mpunga umekwisha. Akishuka na kumfukuza ndege mmoja mpaka msituni, wale wengine hula nyuma yake. Basi halali wala hakimbii ovyo. Anakaa, anaona, na anajua la kufanya.

Moyo nao una ndege zake: hasira, wivu, hofu ya deni, tamaa ya pombe. Wanafunzi wa Buddha huita kazi ya kukaa macho namna hiyo sati. Asili ya neno hilo ni kukumbuka, yaani kukumbuka kuangalia. Nami nimeigawa kazi hiyo katika maneno manne yanayoanza kwa herufi T. Yaandikeni ubaoni.

La kwanza ni TAJA. Jambo likikuchoma, liite jina lake kimoyomoyo: "Hasira imekuja." Au, "Hii ni aibu." Usiseme, "Mimi ni mbaya," wala, "Yeye ni mbaya." Taja mgeni aliyefika mlangoni, basi.

La pili ni TAZAMA. Shuka mwilini. Hasira iko wapi? Kifua kimebana? Taya zimekaza? Mikono ina moto? Iangalie kama mwamiaji aangaliavyo ndege.

La tatu ni TULIA. Vuta pumzi, toa pumzi, hesabu moja. Vuta, toa, hesabu mbili. Fika kumi. Usilazimishe hasira iondoke. Ngoja tu. Utaona inapanda, inafika kileleni, kisha inaanza kushuka yenyewe.

La nne ni TENDA. Sasa, na si kabla ya sasa, chagua tendo.

Tumrudie mkulima wetu. Jioni imefika, na miguu inataka kwenda kilabuni. Mke wake anamwambia, "Baba watoto, mbona umenyamaza?" Zamani angejibu kwa ukali. Leo anasema, "Mama watoto, uchungu umenishika. Nipe muda kidogo, kisha tuzungumze habari ya deni." Anakaa, anahesabu pumzi zake. Kiu ya pombe inapanda, tena inapanda sana. Kisha inashuka. Baadaye wanakaa wote wawili na daftari. Wanaandika deni lote. Wanapatana kwamba kesho mume ataonana na aliyemkopesha, amweleze mapema kabla siku ya kulipa haijapita, na mke atamwuliza bwana shamba kama unyevu uliobaki shambani unatosha kupanda mahindi au mboga.

Mpunga haukurudi. Mshale wa kwanza bado upo. Lakini nguvu iliyokuwa ikipotea katika mshale wa pili sasa inafanya kazi.

Kazi hii yataka mazoezi. Alfajiri, kabla ya kushika jembe, kaa dakika tano, hesabu pumzi zako. Moyo utatoroka, utakwenda kwenye deni au kwa jirani. Urudishe kwenye pumzi, bila kujigombeza. Kutoroka kwa moyo si kosa. Kuurudisha ndiko kujifunza. Anayejizoeza wakati wa utulivu ataweza kukumbuka siku ya ghasia.

WAGANGA WA SIKU HIZI WASEMAJE

MZEE: Mwalimu, je, waganga wa hospitali wanakubali mambo haya, au ni hadithi za kale tu?

MWALIMU: Wamekubali sehemu yake, baada ya kuyapima. Mwaka 1979, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali kukaa, kuangalia pumzi na kuangalia maumivu yao bila kuyaongezea hofu. Wengi wao walikuwa na maumivu ya siku nyingi. Hakuwafundisha dini. Aliwafundisha mazoezi tu.

Baadaye wataalamu watatu, Segal, Williams na Teasdale, waliyaunganisha mazoezi hayo na matibabu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Mwaka 2004 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu iliyapendekeza kwa watu waliokwisha kupata ugonjwa huo mara tatu au zaidi, ili usiwarudie. Naye Alan Marlatt, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliwafundisha watu wenye shida ya pombe na sigara waione tamaa kama wimbi: usipigane nalo, usizame ndani yake, likae chini yako mpaka livunjike.

MIPAKA YA SOMO HILI

MAMA: Mwalimu, nina hofu moja. Mtu akidhulumiwa, au mwanamke akipigwa kila siku, je, aambiwe ahesabu pumzi na kunyamaza?

MWALIMU: Hasha, Mama. Nashukuru umeuliza. Wanafunzi wote sikilizeni jambo hili. Mshale wa kwanza ukiwa unaweza kung'olewa, ung'olewe. Mwanamke anayepigwa aende kwa uongozi wa kijiji, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mkulima aliyepunjwa katika mizani adai haki yake. Kutulia si kunyamaza. Mtu aliyetulia hudai haki yake vizuri zaidi, kwa sababu hasira haimsemei.

Tena, somo hili si badala ya hospitali. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, ambaye akikosa pombe hutetemeka mikono, hutoka jasho, au huanguka kwa degedege, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Inaweza kumwua. Aende hospitali, wamsaidie kuacha. Na mtu ambaye moyo wake unamwambia ajiue, asikae peke yake na moyo huo. Amwambie mtu leo leo, nao waende pamoja hospitali. Wewe uliyeambiwa, usimcheke wala usimwache usiku huo.

Wazee wetu mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwenye redio kama ninyi leo, wakajifunza habari za malaria na maji safi, wakatoka wakachimba vyoo. Wakati ule tulijifunza kusafisha mazingira ya nyumba. Moyo nao una uwanja wake wa kufagiwa, na hakuna mwingine awezaye kutufagilia.

MASWALI YA DARASA

1. Mshale wa kwanza ni nini? Mshale wa pili ni nini? Toa mfano mmoja kutoka kijijini kwenu.
2. Andika mambo manne yanayofuatana mpaka mtu atende. Upenyo wa kusimama uko wapi?
3. Kwa nini tunasema "nimeshikwa na hasira"? Neno hilo linatufundisha nini?
4. Mtu anatumia shilingi 2,500 za pombe kwa siku. Kwa siku 30 ni kiasi gani? Andika vitu vitatu ambavyo fedha hiyo ingenunua.
5. Taja hali mbili ambazo kuhesabu pumzi hakutoshi, na mtu anapaswa kutafuta msaada.

MANENO YA KUJIFUNZA KUANDIKA: mshale, kiu, upenyo, dungu, kuamia, pumzi, sonona.

MWALIMU: Kazi ya nyumbani ni fupi. Kwa siku saba, kila jioni, andikeni mstari mmoja tu: leo mshale gani ulinipata, na wa pili niliuzuia au niliupiga? Asiyeweza kuandika mstari mzima aandike neno moja. Msiandike ili kumfurahisha msimamizi. Andikeni kweli. Wiki ijayo, saa hii hii, tutasoma habari ya kumwomba mtu msamaha, kwa mdomo na kwa barua. Kwaherini, na muwe na usiku mwema.